Shangazi, nilimwaibisha dada kwa video niliyotaka iwe ya kweli

BARUA

Shikamoo Shangazi,

Naisoma safu yako kwa muda mrefu na sikuwahi kudhani kwamba nami nitaandika. Naandika kwa sababu jambo hili linaninyima usingizi, na kila ninayemweleza ananiambia hizo ni siasa tu, zitapita. Hazijapita. Huu ni mwezi wa tatu dada yangu hapokei simu zangu.

Mimi ni mwanamume wa miaka 38, nina mke na watoto wawili. Dada amenizidi miaka sita. Ndiye aliyenifundisha kusoma kabla sijaanza shule. Alikuwa akiniandikia herufi kwa chaki nyuma ya mlango wa chumba chetu, nikikosea anazifuta kwa kiganja, tunaanza upya. Hadi leo ni mwalimu wa shule ya msingi.

Walimu walipogoma, mimi niliwapinga tangu siku ya kwanza, sikufichi. Watoto wangu walikaa nyumbani wiki tano, na yule mkubwa ana mtihani wa mwisho mwaka huu. Nilikuwa na hasira. Kuna chaneli moja ya mtandaoni ninayoifuata, mtangazaji wake ni mtu mtulivu, hapayuki, anaonekana amesoma. Kila jioni alikuwa akiuchambua mgomo: mishahara ya walimu ukilinganisha na ya wafanyakazi wengine, maisha ya viongozi wa chama chao, wanafunzi wanavyozurura mitaani. Nilimsikiliza nikiwa garini, nikiwa bafuni, hata kitandani nikisubiri usingizi. Kwa siku saa tatu hazikosi. Nilijiona nafuatilia mambo kuliko wenzangu. Kazini wakibishana, mimi ndiye niliyekuwa na takwimu.

Ndipo ikaja ile video. Sekunde 40. Walimu kama 20 hivi wamevaa fulana za chama chao, wako ukumbini, muziki unapigwa, wanacheza, wanacheka, wengine wanapiga makofi. Juu yake pameandikwa: "Watoto wenu wako nyumbani, wao wanasherehekea." Shangazi, sikusubiri hata iishe. Niliituma kwenye kundi la familia, tupo watu 14 humo, Mama akiwemo, nikaandika: "Dada, na wewe upo kwenye sherehe hii?"

Alijibu mara moja tu: "Hiyo ni ya zamani. Tulikuwa tunamuaga mwenzetu aliyestaafu. Ndiyo, nipo, nyuma kushoto."

Badala ya kurudi kuitazama, nikamjibu kwamba walimu kwa kujitetea hawajambo. Jumapili yake tulikutana kwa Mama. Nikayarudia yale yale mbele ya Mama na mbele ya wapwa zangu, na nikaongeza mengine ambayo siwezi kuyaandika hapa. Dada hakunijibu. Alichukua mkoba wake, akamshika mwanawe mdogo mkono, akatoka bila kuaga.

Wiki mbili baadaye nilikuwa kwa Mama tena, simu yangu ikaisha chaji. Nikaichomeka, nikaazima ya Mama ili nimsikilize mtangazaji wangu. Simu ya Mama zamani ilikuwa ya Dada, na akaunti ya Dada bado imo humo. Nilipofungua programu ya video nikadhani nimekosea. Yangu ilipowaka, nikaziweka zote mbili mezani, nikaandika maneno yale yale kwenye zote: mgomo wa walimu. Kwenye yangu: viongozi wa chama, magari yao, wazazi wanaolalamika. Kwenye ile nyingine: darasa lenye watoto 90, mwalimu anayeeleza mshahara uliochelewa miezi miwili, mzazi anayesema anawaunga mkono. Nilihesabu video kumi za mwanzo kila upande. Hakuna hata moja iliyokuwa kwenye simu zote mbili.

Na ya kumi na moja kwenye simu ya Mama ilikuwa ile video. Nzima, dakika 11, imewekwa miaka mitatu kabla ya mgomo. Mama mmoja mwenye mvi anatoa hotuba ya kuaga, sauti inamkatika, wenzake wanampigia makofi ili apate kuendelea. Nyuma kushoto yupo Dada.

Kinachonitesa zaidi ni hiki. Katika wiki ya pili ya mgomo, kwenye simu yangu mwenyewe, ilipita habari iliyosema wazi kwamba video hiyo ni ya zamani. Nakumbuka nilikisoma kichwa chake. Nilihisi kukereka, kidole kikapita, nikaenda kwenye inayofuata.

Sasa nina maswali. Ni simu iliyonidanganya, au nilijidanganya mwenyewe? Mke wangu ananishauri niachane na habari kabisa. Rafiki yangu anasema nichukue mwezi mzima nitazame chaneli za upande wa Dada peke yake. Nimsikilize nani? Na Dada nitarudi vipi kwake? Bado naamini mgomo uliwaumiza watoto. Nikimwomba radhi, si nitakuwa nimekubali kwamba yeye alikuwa sahihi kwa yote?

Wako,
Mdogo wake


JIBU LA SHANGAZI

Marahaba mwanangu, na pole.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara zote tatu nimekwama mahali pamoja: pale kidole kilipopita. Ungeweza kuandika barua nzima bila kulitaja hilo, nami nikakuhurumia kama mtu aliyedanganywa. Umelitaja. Basi nakujibu kama mtu anayetaka jibu.

Simu ina sehemu yake. Programu zile zinahesabu kila kitu: video uliyoitazama hadi mwisho, uliyoiacha katikati, uliyoirudia, uliyowatumia wengine. Kisha zinakuletea inayofanana na zile ulizozikalia. Hazijui mgomo ni nini wala mwalimu ni nani. Zinajua tu kwamba wewe, ukiletewa mwalimu anayelaumiwa, hubanduki. Kwa hiyo zikakuletea mwingine, na mwingine.

Lakini mwalimu wa ile programu alikuwa nani? Mwaka 2015 watafiti wa Facebook walichapisha katika jarida la Science uchunguzi wa watumiaji milioni 10.1 wa Marekani, watu waliokuwa wametaja wenyewe mrengo wao wa siasa. Waliangalia habari za upande wa pili zinapotelea wapi kabla hazijamfikia mtu. Kupanga kwa mashine kuliziondoa kiasi. Uamuzi wa watu wenyewe, kipi wabofye na kipi wakipite, uliziondoa zaidi. Nakutajia kwamba utafiti ule ni wa kampuni yenyewe, ambayo ina sababu ya kutaka lawama ziende kwa mtumiaji, ili nawe uupime. Mimi naupa uzito kwa sababu jambo lenyewe lilionekana zamani sana, kabla ya mashine yoyote ya kupanga. Mwaka 1940, Roosevelt aliposhindana na Willkie kuwania urais wa Marekani, mtafiti Paul Lazarsfeld na wenzake waliwafuata wapiga kura wa wilaya ya Erie, jimbo la Ohio, kwa miezi kadhaa wakiwahoji tena na tena. Redio ilikuwa moja kwa wote, magazeti yalikuwa pale pale. Hata hivyo, wafuasi wa kila chama walisikia na kusoma zaidi kampeni ya chama chao. Hakuna aliyewachagulia. Masikio yao yalijichagulia.

Wazee wetu walilijua hili bila utafiti: mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Wewe uliivuta, simu ikakusaidia kuivuta, na mtangazaji wako akawa anaipiga.

Sasa tuje kwenye hasira yako, maana hapo ndipo mambo yalipoanzia na sitaki uione kama uovu. Mtoto ana mtihani, yuko nyumbani wiki tano, na baba yake hana la kufanya. Hasira hiyo ni halali. Ila hasira isiyo na la kufanya hutafuta shahidi, na shahidi akishapatikana hatuulizwi tena tumempata wapi. Mwanasaikolojia Thomas Gilovich analieleza hivi: jambo tunalolitaka tunajiuliza kama tunaruhusiwa kuliamini, na jambo tusilolitaka tunajiuliza kama tunalazimika kuliamini. Ni maswali mawili yenye vizingiti tofauti kabisa. Kwa lile la kwanza, ushahidi wowote unatosha. Kwa lile la pili, hakuna ushahidi utakaotosha.

Tazama ulivyoyatumia maswali hayo siku ile. Upande mmoja una maneno yaliyobandikwa juu ya video na mtu usiyemjua. Upande wa pili una dada yako, aliyekuwa ukumbini, anakuambia kilikuwa nini na amesimama wapi. Yule asiyejulikana ulimwamini kabla ya sekunde 40 kwisha. Aliyekuwepo ukamwambia anajitetea. Na hata mahali alipokuonyesha, nyuma kushoto, hukwenda kutazama. Kwenda tu kungekugharimu kidole kimoja na nusu dakika.

Siandiki haya nikuumize. Naandika kwa sababu wengi tunadhani tatizo litaisha watu wakionyeshwa kitu kile kile kwa macho. Haliishi. Tarehe 23 Novemba 1951 vyuo vya Princeton na Dartmouth vilicheza mechi ya mpira wa Kimarekani, mechi ngumu. Mchezaji nyota wa Princeton alivunjika pua, na wa Dartmouth naye akavunjika mguu. Baadaye Albert Hastorf na Hadley Cantril waliwaonyesha wanafunzi wa vyuo vyote viwili filamu ya mechi hiyo na kuwaomba wahesabu makosa. Wanafunzi wa Princeton waliona Dartmouth wakifanya makosa zaidi ya mara mbili ya yale waliyoyaona wanafunzi wa Dartmouth wenyewe. Filamu ni moja, hakuna aliyekuwa anadanganya, kila mmoja alihesabu alichokiona. Kwa hiyo usidhani kwamba ungeitazama ile video mara tano siku ile ndiyo ungeona sherehe ya kustaafu. Huenda ungeona wagomaji watano zaidi wanaocheka. Ndiyo maana swali la kwanza la kujiuliza linahusu moyo wako kabla ya picha yenyewe: nataka hii iwe nini?

Kuhusu mtangazaji wako mtulivu, nina jambo nalotaka ulishike sana. Inawezekana kabisa hakusema uongo hata mmoja. Takwimu zake za mishahara huenda zilikuwa sahihi. Lakini kwenye simu ya Mama ulikutana na mwalimu anayesema mshahara umechelewa miezi miwili. Kwa jioni zote zile ulizomsikiliza, garini na kitandani, aliwahi kukuambia hilo? Kama hakukuambia, hapo ndipo alipokupotosha, kwa kunyamaza. Mwegemeo wa vyombo vya habari mara nyingi hukaa hapo, kwenye kile ambacho mtazamaji hatajua kwamba hakukisikia. Na uongo unaweza kuukamata. Kimya unakikamataje, ikiwa huna pengine unaposikiliza?

Hapo nawajibu mkeo na rafiki yako kwa pamoja.

Mkeo anasema uache habari kabisa. Namwelewa, amekuona saa tatu kila siku ukiwa humo, na pengine nyumba nzima imechoka. Pumzika wiki moja, utapumua. Lakini ukiacha kabisa, hasira itakwenda kuchukua habari zake kwa wenzako wa kazini, na wao nao wana mtangazaji wao.

Rafiki yako anasema ule mwezi mzima chakula cha upande wa pili peke yake. Hapa nina wasiwasi. Christopher Bail na wenzake walijaribu jambo la namna hiyo na kulichapisha mwaka 2018: waliwalipa watumiaji wa Twitter nchini Marekani wafuate kwa mwezi mmoja akaunti iliyosambaza ujumbe wa viongozi na wachambuzi wa upande wanaoupinga. Wafuasi wa Republican, chama cha wahafidhina, walitoka humo wakiwa wahafidhina zaidi kuliko walivyoingia. Wale wa Democrat, chama kinachokipinga hicho, nao hawakusogea kuelekea upande wa pili. Ukiwekewa sikioni kelele za mtu usiyempenda, unachokifanya ni kuandaa majibu.

Lakini sikiliza na hili. Mnamo Septemba 2020 David Broockman na Joshua Kalla waliwalipa watazamaji wa kawaida wa Fox News, stesheni ya Marekani inayoegemea wahafidhina, watazame CNN, stesheni isiyo ya mrengo huo, badala yake, hadi saa saba kwa wiki, kwa mwezi mmoja. Hao walijifunza mambo ambayo stesheni yao haikuwa ikiyatangaza, baadhi ya misimamo yao ikalegea, na wakaanza kuona kwamba stesheni yao inawaficha mambo. Mwezi ulipokwisha wengi wakarudi walikotoka na mabadiliko yakafifia. Ninavyolisoma mimi, tofauti iko hapa: wale wa kwanza walipewa misimamo ya watu, hawa walipewa taarifa ya habari, matukio ambayo hawakuyasikia. Kwa hiyo nenda upande wa pili, ila usiende kwa wapiga kelele wao. Mtafute mtu wao mtulivu, kama ulivyo na mtulivu wako, na umsikilize ukiwa na swali moja tu: huyu ananiambia nini ambacho yule wangu hakuniambia? Baada ya wiki mbili mgeuzie swali hilo. Utakuta naye ana kimya chake. Sidhani kama kwenye simu ile uliona baba ambaye mwanawe ana mtihani na hajui afanye nini.

Maana simu ya Dada nayo imevutwa ngozi. Usije ukaifanya hiyo ndiyo dirisha la kweli na yako ndiyo ya uongo. Ila pia usije ukakimbilia kusema pande zote ni sawa, kila mtu ana ukweli wake, tuyaache. Hapana. Video ile iliwekwa miaka mitatu kabla ya mgomo, na hilo halina upande. Tarehe haina upande. Mshahara ama ulichelewa ama haukuchelewa. Kama mgomo ulikuwa njia sahihi ya kuudai, hapo sasa watu wema wanaweza kutofautiana hadi uzeeni. Wewe uliyachanganya hayo mawili: kwa kuwa hukukubaliana nao kwenye la pili, ukawakatalia na la kwanza.

Kuna tabia mbili ningependa uzianze, hata kama utasahau mengine yote niliyoandika.

Ya kwanza ni ya mwanasayansi Charles Darwin. Alikuwa na kawaida kwamba kila akikutana na jambo linalopingana na matokeo yake, analiandika papo hapo, kwa sababu alijigundua kwamba mambo ya namna hiyo humtoka akilini upesi kuliko yale yanayomuunga mkono. Nimeifanya hii kwa miaka, kwenye daftari dogo ninaloweka kando ya kitanda, na nakuhakikishia kwamba kurasa zake ndizo ninazozisahau zaidi. Nikizifungua naona mwandiko wangu na sikumbuki kuandika. Wewe tayari una ukurasa wa kwanza: ile habari iliyopita kwenye kidole. Iandike leo, pamoja na ulivyojisikia ulipoiona. Ule mkereko ujifunze kuutambua, mahali unapoanzia mwilini, maana utakujia tena, na huwa mara nyingi ndiyo ishara kwamba umefikishiwa jambo unalolihitaji. Furaha nayo ni ishara. Siku ile ulipoiona video, kabla ya hasira, kulikuwa na kitu kama ushindi, sivyo? Hapo ndipo pa kuiweka simu chini kabla hujatuma chochote.

Ya pili ni ya wahakiki wa habari. Sam Wineburg na Sarah McGrew wa Chuo Kikuu cha Stanford waliwalinganisha wanahistoria wenye shahada za uzamivu, wanafunzi wa chuo, na watu ambao kazi yao ni kuhakiki habari. Wasomi walikaa kwenye ukurasa walioonyeshwa, wakaupima kwa mpangilio wake na lugha yake, na mara nyingi wakadanganyika. Wahakiki walikaa kidogo tu, wakatoka, wakafungua kurasa nyingine kutafuta nani yuko nyuma ya ule wa kwanza. Nimelikumbuka hilo uliposema mtangazaji wako "anaonekana amesoma". Anavyoonekana hakukuambii anachangiwa na nani wala wengine wanasema nini juu yake. Kwa video, kata picha moja, itafute kwa picha, uone kama kuna ndefu zaidi na iliwekwa lini. Dakika 11 zile zilikuwepo muda wote, zinapatikana kwa yeyote anayezitafuta. Na kama picha ina mtu unayemjua, muulize huyo mtu, umwamini angalau kwa muda wa kukagua.

Jambo moja dogo kabla sijaenda kwa Dada. Utakapoanza kusikiliza vyombo vinavyojitahidi kukaa katikati, vitakuudhi. Robert Vallone, Lee Ross na Mark Lepper walionyesha mwaka 1985 kwamba watu wa pande mbili zinazopingana, wanaoiunga mkono Israeli na wanaowaunga mkono Waarabu, wakitazama taarifa zile zile za televisheni kuhusu mauaji ya Beirut ya 1982, kila upande ulisema taarifa zimewaonea wao. Kwa hiyo ukihisi chombo fulani kinakuonea, usikiache kwa sababu hiyo peke yake.

Sasa Dada.

Umeuliza kama kumwomba radhi ni kukubali kwamba alikuwa sahihi kwa yote. Ulimkosea kwa mambo matatu. Ulisambaza jambo lisilo la kweli juu yake na wenzake. Alipokuambia ukweli, ukamwita mwongo. Kisha ukamvunjia heshima, mkubwa wako, mbele ya mama yenu na mbele ya watoto wake. Hakuna hata moja kati ya hayo linalokutaka uunge mkono mgomo. Maoni yako kuhusu mtihani wa mwanao yabaki nayo, ni yako, na sitashangaa siku moja mkiyazungumza ukakuta mwalimu yule alilala macho kwa ajili ya wanafunzi wake wenye mtihani huo huo. Lakini siku hiyo haiwi ya kwanza. Ukisema "samahani, lakini", atakachokisikia ni lile lakini.

Anzia mahali ulipokosea, yaani kwenye kundi. Watu 13 waliona video ile kutoka kwako, na huenda wengine waliipeleka mbele. Kuifuta haitoshi, na kimya kitamwacha Dada na aibu yake. Andika kitu kama hiki, kwa maneno yako: "Video niliyotuma wakati wa mgomo haikuwa ya mgomo. Ni ya miaka mitatu nyuma, walimu wakimuaga mwenzao. Dada alinieleza, nikamkatalia, na nilikuwa nimekosea. Aliyeisambaza kutoka kwangu, naomba awaambie na wenzake." Usiweke alama za kicheko wala usieleze kwa nini ulikasirika.

Kisha nenda kwa Mama, mwambie mdomo kwa mdomo, maana yeye ndiye aliyeketi katikati yenu siku ile na hajui amtetee nani. Hao wapwa nao usiwaruke. Walimwona mjomba wao akimtukana mama yao na wakamwona mama yao akiondoka. Inabidi wamwone mjomba huyo huyo akisema amekosa.

Baada ya hapo usimpigie simu tena, nenda. Simu yako iache nyumbani, si kwa lolote, ila usije ukapata kitu cha kushika mkononi maneno yakikuishia. Sema yale matatu, unyamaze. Asipotaka kukuona siku hiyo, rudi, na baada ya muda uende tena. Miezi mitatu ya kunyamaza haiwezi kukatwa na dakika tano mlangoni.

Akikukaribisha ndani, mwombe akuonyeshe ile video, dakika zote 11. Mketi muitazame pamoja. Na yule mama mwenye mvi, aliyekatikiwa na sauti, muulize Dada alikuwa nani.

Shangazi